Nusu Sahani: Niliyojifunza Nikionja Vyakula vya Tamasha la Muziki

Mara ya kwanza nilipohudhuria tamasha kubwa la muziki kwenye uwanja wa wazi, nilinunua chakula katika kibanda cha kwanza nilichokikuta baada ya lango, kwa sababu nilikuwa nimesimama juani kwenye foleni ya ukaguzi kwa zaidi ya saa mbili na njaa ilikuwa imekwisha kunizidi nguvu. Nilipewa sahani iliyofurika viazi vya kukaanga na paja la kuku, nikala vyote hali nimesimama, kisha nikaanza kuuzunguka uwanja. Nyuma ya jukwaa la pili nikakuta mtaa mzima wa wapishi, vibanda vinavyozidi hamsini, kila kimoja na moshi wake na harufu yake, na mimi tumbo limejaa viazi ambavyo ningeweza kuvipata mahali popote na siku yoyote. Niliupita mtaa ule taratibu, kibanda kwa kibanda, kama mtu aliyefika harusini akiwa amekwisha kula kwake.

Tangu siku hiyo nimehudhuria matamasha mengi, ya siku moja na ya siku tatu au nne, na karibu mara zote nimefuatana na dada yangu mkubwa, ambaye anaupenda muziki kuliko mimi na ambaye ana mzio mkali wa karanga, jambo ambalo limetufundisha mengi kuliko nilivyotazamia. Nimewaona watu wakitumia wiki nzima kupanga ni bendi ipi wataisikiliza saa ngapi na kwenye jukwaa lipi, huku suala la chakula wakiliachia bahati. Naamini kwa dhati kwamba chakula nacho kinastahili mpango, kwa kuwa ni nadra mtu kuwakuta wapishi wengi kiasi kile, wenye asili na mapishi tofauti, wamepanga majiko yao bega kwa bega kwa siku chache tu kabla ya kutawanyika tena. Aliyekwenda tamashani akarudi bila kuonja ameliona nusu yake.

Somo lililoniuma zaidi lilinifika katika tamasha la tatu, usiku wa siku ya pili. Ilikuwa yapata saa nne, na bendi niliyokuwa nikiisubiri mwaka mzima ilitarajiwa kupanda jukwaani saa sita. Sikutaka kupoteza muda, kwa hiyo nikaenda kwenye kibanda ambacho hakikuwa na foleni na kuagiza wali kwa mchuzi. Wali ulikuwa umewekwa ndani ya sufuria pana, umefunikwa kwa kitambaa, hautoi mvuke hata kidogo. Mpishi aliuchota, akaupitisha haraka kwenye karai la moto, akanipa. Nilijiambia kwamba madhali umepita motoni, hauwezi kuwa na neno. Bendi ilipopiga wimbo wake wa kwanza nilikuwa nimeinama nyuma ya hema la huduma ya kwanza nikitapika, nikizisikia kwa mbali nyimbo nilizozijua kwa moyo, nisiweze hata kuinua kichwa kuyatazama mataa.

Mhudumu wa afya aliyenipokea aliniuliza jambo moja kwanza, nalo lilikuwa kama nimekula wali. Sikuelewa kwa nini alianza na wali wala si nyama, mpaka nilipopona na kuanza kusoma. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye hujihifadhi ndani ya viini vinavyostahimili kuchemshwa. Wali ukishaiva na kuachwa vuguvugu kwa saa nyingi, viini hivyo huamka, bakteria huzaliana, na sumu wanayoitoa haiharibiwi na moto wa kupashia. Kutapika huanza kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula, na muda wangu uliingia barabara humo. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba chakula kilichopikwa kikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi hadi kitakapoliwa, kisiachwe nje kwa zaidi ya saa 2, na kikihifadhiwa kiwekwe kwenye baridi isiyozidi nyuzi 5. Nikikumbuka sufuria ile iliyofunikwa kitambaa, naona wazi kwamba nilikuwa na kila dalili mbele ya macho yangu, isipokuwa sikuwa nimejifunza kutazama.

Sasa hutazama. Siagizi chochote kabla ya kusimama kando ya kibanda kwa dakika kama tano, na katika dakika hizo huangalia mambo ambayo hayahusiani na mabango wala picha za vyakula. Huangalia kama sufuria inatoa mvuke pale kifuniko kinapofunuliwa. Huangalia nyama mbichi imewekwa wapi na koleo linaloishika ni lipi, kwa maana nimewahi kumwona mpishi hodari, mwenye nyama iliyoiva vizuri kabisa, akiipanga juu ya mkate kwa koleo lilelile alilotumia dakika moja kabla kuitandaza ikiwa mbichi. Huangalia kama kuna chombo cha maji chenye bomba, pamoja na sabuni, na la muhimu zaidi, kama kuna mtu anayekitumia. Wapishi wengine huwa na kipimajoto chembamba wanachokichoma katikati ya kipande cha kuku kabla ya kukitoa motoni. Nikikiona hicho hutulia, kwa sababu mtu anayejali kama nyama imefikia nyuzi 70 ndani kabisa huwa anayajali na mengine.

Foleni pia ina lugha yake, na ilinichukua miaka kuielewa. Mwanzoni nilidhani foleni ndefu ni ushahidi wa chakula kitamu na kibanda kitupu ni ushahidi wa chakula kibaya, lakini mambo hayako hivyo. Foleni ndefu inayosogea humaanisha kwamba chakula hakikai, kinapikwa na kuondoka, nacho ndicho kibanda ninachokitafuta. Foleni ndefu isiyosogea mara nyingi humaanisha kwamba kibanda kimeandika vyakula kumi na viwili ubaoni na kina majiko mawili. Kibanda kitupu hakina budi kutazamwa kwa kuzingatia saa: kama kina watu wachache mchana wakati hakuna anayekula, hilo ni la kawaida, kama kina watu wachache saa mbili usiku huku majirani zake wamezidiwa, jiulize kilichomo sufuriani kimekaa humo tangu lini. Kadiri nilivyozidi kuonja ndivyo nilivyozidi kuwaamini wapishi wanaopika kitu kimoja au viwili tu. Uwanjani hakuna ghala wala jiko la nyumbani. Maji huja kwa magari, umeme hutoka kwenye jenereta, friji ni chache, na mwenye vyakula kumi na viwili analazimika kuvitayarisha vingi mapema na kuviacha vikisubiri.

Saa ya kula ni jambo fupi kulieleza ingawa lina faida kubwa. Watu humiminika vibandani nyakati mbili, bendi kubwa inapomaliza na jua linapozama, na nyakati hizo wapishi huwa wanakimbizana na mikono yao wenyewe. Mimi na dada huonja kati ya saa tano na saa saba mchana, mafuta yakiwa bado masafi na mpishi akiwa na nafasi ya kujibu swali, kisha hurudi alasiri bendi ikiwa katikati ya onyesho lake. Ndiyo, hilo hutugharimu nusu saa ya muziki. Tunaichagua nusu saa hiyo asubuhi, kwa makusudi, tukiwa na ratiba mkononi, badala ya kuiacha njaa itusitishe katika wimbo tunaoupenda.

Nusu sahani ndilo jambo ninalotaka kulieleza kwa urefu, kwa kuwa limebadilisha kila kitu. Sahani ya tamasha hupimwa kwa mtu anayetaka kushiba mara moja na kuondoka, na kwa upande wa mfanyabiashara hilo lina mantiki, kwani amelipia kiwanja, mara nyingi hutoa na sehemu ya mauzo yake kwa waandaaji, na ana saa chache za kurudisha gharama hizo. Lakini mwonjaji akila sahani mbili za namna hiyo siku yake imekwisha. Kwa muda mrefu tulijaribu kugawana sahani moja, na hilo ni jema, ila bado tulikuwa tukiishia vyakula vitatu au vinne kwa siku, na kingine tukikitupa, jambo ambalo sikulifurahia hata mara moja.

Katika tamasha moja tulifika kwenye kibanda cha mwisho kabisa cha mtaa wa wapishi, karibu na miti, ambako mama mmoja wa makamo alikuwa akipika supu ya dengu na maandazi madogo ya mboga yaliyokaangwa. Nilipotazama bakuli zake kubwa nilisita, kisha nikamwambia ukweli: tumekuja kuonja vyakula vingi, na ningemwomba atupe nusu ya supu kwa bei anayoiona inamfaa. Alinitazama kidogo, akacheka, akauliza, "Mnaonja tu, mwanangu, au mtarudi?" Nikamwambia tukipenda tutarudi kesho. Akatupimia nusu bakuli, na kwa kuwa bei aliyoitaja ilikuwa zaidi ya nusu, nililipa bila kubishana, maana bakuli, kijiko, gesi na muda wake havikuwa nusu. Kesho yake tulirudi tukanunua bakuli mbili kamili.

Baada ya hapo nimeomba nusu sahani mara nyingi, na nimekataliwa mara nyingi vilevile. Nimegundua kwamba jibu hutegemea zaidi saa kuliko moyo wa mpishi. Ukiomba mchana wakati hana watu, karibu wote hukubali; ukiomba usiku foleni ikiwa imefika barabarani, unamsumbua yeye na unawachelewesha wenzako, na hilo si haki. Pia imenibidi niwe mkweli kuhusu neno kuonja. Kuonja si kuomba bure. Nimewaona watu wakienda kibanda hadi kibanda wakidai kijiko cha bure cha kila sufuria bila kununua chochote, na nimeona uso wa mpishi unavyobadilika. Huyu ameamka kabla ya mapambazuko, amebeba magunia, amelala kwenye gari lake; kijiko chake ni jasho lake.

Supu ile ya dengu ndiyo pia iliyonifungua macho kuhusu jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Siku ya kwanza dada alichukua sehemu yake tukaondoka nayo kuelekea jukwaa kubwa, kwa sababu bendi ilikuwa imekwisha kuanza. Tulisimama pembeni ya spika, akaonja, akasema imepooza, akafungua kipakiti cha chumvi akaimimina yote. Onyesho lilipokwisha tulirudi kukaa chini ya miti, akanywa kijiko kingine na kukitema: ilikuwa chumvi tupu. Supu ilikuwa ileile na ulimi uleule, kilichobadilika kilikuwa kelele.

Nilidhani ni hisia zetu tu hadi niliposoma kwamba jambo hilo limechunguzwa. Mwaka 2011 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu walikula huku wakisikilizishwa kelele masikioni, na kelele ilipokuwa kubwa walisema chakula kina chumvi na utamu pungufu kuliko walipokula kwenye utulivu, ilhali vitu vikavu walivihisi kuwa vinavunjika kwa mlio zaidi menoni. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani wakaonyesha kwamba katika kelele kama ya ndani ya ndege, ya desibeli 85, utamu hufifia, lakini ile ladha nono ya nyanya, uyoga na nyama, ambayo Wajapani huiita umami, hukolea. Na uwanja wa muziki una kelele kuliko ndege. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kuwa kikomo cha wastani wa sauti katika maeneo ya burudani ni desibeli 100. Kwa hiyo mtu anayekula mbele ya spika anakula chakula kingine kabisa, na mpishi ambaye kibanda chake kiko karibu na jukwaa anaonja sufuria yake ndani ya kelele hiyohiyo, akaongeza chumvi bila kujua. Nimeanza kuviangalia vibanda kwa jicho hilo, na kwa uzoefu wangu vile vya mbali na jukwaa huwa na mkono mtulivu zaidi kwenye chumvi. Chakula ninachotaka kukihukumu kwa haki hukibeba hadi mahali ambapo naweza kumsikia dada akizungumza bila kupaza sauti. Kile chenye nyanya nyingi, uyoga na nyama ya kuchoma naweza kukila popote, kwa kuwa kinajitetea.

Mpangilio nao una maana yake. Tulikuwa tukianza na chochote kilicho karibu, mpaka siku tuliyoanza na tambi zenye pilipili kali kupindukia na mchana wote uliofuata hatukuweza kutofautisha samaki na kuku. Pilipili si ladha hasa. Ni kemikali iitwayo kapsaisini inayowasha vipokezi vilevile vya mwili vinavyohisi joto la kuunguza, ugunduzi uliochangia kumpatia mwanasayansi David Julius Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021. Maji hayaiondoi kwa sababu haiyeyuki ndani ya maji. Maziwa au mtindi husaidia. Kwa hiyo sasa tunaanza na vya ladha ya upole na vya mboga, tunafuata samaki, tunafuata nyama, pilipili tunaiacha mwisho kabisa, na matunda tunayala katikati ili kuusafisha mdomo. Vitamu kama aiskrimu tunavinunua alasiri jua likiwa kali, hata kama ni kinyume cha utaratibu wa mezani, maana mwili unavihitaji saa hiyo na si baadaye.

Kuhusu maji nitasema kwa ufupi. Mtu anayecheza juani kwa saa nane anapoteza maji na chumvi pamoja, na kunywa maji matupu kwa wingi bila kula chochote chenye chumvi kunaweza kumdhuru kama vile kiu inavyoweza kumdhuru. Supu, kwa maoni yangu, ni chakula cha tamasha kisichothaminiwa ipasavyo. Ina vyote viwili, na huliwa ikiwa moto.

Mzio wa dada yangu ndio uliotufundisha kuwapima wapishi kwa ukweli wao. Yeye hubeba sindano ya dharura ya epinefrini, dawa ya kutuliza shambulio kali la mzio, na huiweka kwenye mkoba wenye kivuli badala ya kuiacha ndani ya hema, kwa sababu dawa hiyo huharibika kwa joto kali, na hema juani hugeuka tanuri. Lakini sindano ni ya baada ya ajali. Kabla ya ajali kuna swali, na swali hilo tumeliuliza katika vibanda vingi mno. Wengi hujibu "hakuna karanga" kabla hata halijaisha, na hao tunawashukuru na kuondoka. Jibu tunalolitafuta ni lile linalotanguliwa na kufikiri.

Mama wa supu ya dengu ndiye aliyetupa jibu la namna hiyo. Dada alipotaka maandazi yake ya mboga na kumweleza tatizo, mama yule aliweka mwiko chini, akatazama karai, akasema, "Sikudanganyi, mwanangu. Humu ndani karanga sijaweka. Lakini mafuta haya asubuhi nimekaangia vitu vyenye karanga, na nikikwambia ni salama nitakuwa nimekuponza. Kunywa supu, hayo mengine achana nayo." Alipoteza mauzo kwa kusema hivyo, na hakuonekana kujutia. Tulikuwa tumekwisha kuulizia vibanda sita siku ile na hakuna hata kimoja kilichokuwa kimetaja mafuta. Protini za karanga hubaki kwenye mafuta yaliyotumika, na mtu aliye na mzio kama wa dada hauangalii unga uliokandwa peke yake; huuangalia mfululizo wote wa vitu vilivyogusa karai.

Niliporudi nyumbani kutoka tamasha lile nilianza kusoma kuhusu namna watu walivyolishwa katika matamasha ya zamani, na nikajua kwamba kwa wapishi hawa nimekuwa nikipokea kitu ambacho si cha kawaida hata kidogo. Katika tamasha la Woodstock, lililofanyika Agosti 1969 kwenye shamba la Max Yasgur huko Bethel, jimbo la New York, watu zaidi ya 400,000 walifika mahali palipoandaliwa kwa ajili ya nusu yao, na chakula kikaisha. Baadhi ya vibanda vilichomwa moto na watu waliokasirishwa na bei. Waliookoa hali walikuwa wanajumuiya wa Hog Farm, kundi la watu walioishi pamoja kijamaa, waliopika nafaka na mboga katika masufuria makubwa na kugawa bure, pamoja na wakazi wa vitongoji vya jirani waliotengeneza mikate yenye vitu ndani na kuituma uwanjani. Mwaka uliofuata, 1970, tamasha la kwanza la Glastonbury nchini Uingereza lilifanyika kwenye shamba la ng'ombe la Michael Eavis, na tiketi ya pauni 1 ilikuwa pamoja na maziwa ya bure ya shamba hilo. Kati ya maziwa yale na mtaa wa vibanda hamsini kuna miaka mingi ya watu kujifunza, mara nyingine kwa maumivu, jinsi ya kulisha mji unaoota ghafla kwenye majani na kutoweka Jumatatu.

Nimewahi kuuona mji huo ukiamka. Katika tamasha moja nilishindwa kulala kwa baridi, nikatoka hemani saa kumi na moja alfajiri na kutembea hadi mtaa wa wapishi. Jukwaa lilikuwa kimya, watu wamelala, na vibanda karibu vyote vilikuwa na taa. Magari ya barafu yalikuwa yakipita polepole, vijana wakimenya viazi kwenye ndoo, mwanamume mmoja akisugua bati la kuchomea nyama kwa nguvu zake zote, na mitungi ya gesi ikibadilishwa mmoja baada ya mwingine. Nilisimama hapo kwa muda mrefu. Niliona pia ni akina nani waliokuwa wakimwaga mafuta ya jana kwenye madumu na ni akina nani waliokuwa wakiwasha moto chini ya mafuta yaleyale, na mchana ule nilijua kwa hakika nitakula wapi. Tangu hapo, katika kila tamasha la siku nyingi, siku ya pili huamka mapema niwahi saa hiyo, na sijapata njia bora zaidi ya kuchagua.

Mwaka uliofuata tulirudi katika tamasha la mama wa supu. Hatukuwa na uhakika kwamba angekuwapo, kwa kuwa viwanja hugawiwa upya kila mara, na kwa kweli mahali pake palikuwa na mtu mwingine anayeuza juisi. Tulizunguka mtaa mzima bila kununua kitu, dada akitangulia, mpaka tukamwona upande wa pili, karibu na mabomba ya maji, akiwa na kibanda kikubwa kidogo kuliko cha zamani na kijana wa kumsaidia. Yeye ndiye aliyetuona kwanza. Alimgeukia kijana wake akamwambia, "Lete bakuli mbili ndogo, wale wa nusu sahani wamefika." Tulipomsalimu alimshika dada mkono, akamvuta nyuma ya meza hadi mbele ya makarai mawili yaliyotenganishwa kwa ubao, akamwonyesha lile la kushoto. "Hili tangu nilinunue halijagusa karanga," alisema, "na koleo lake ni hili lenye uzi mwekundu. Wewe hukuwa wa peke yako, mwanangu. Wameniuliza wengi."

Dada alimwuliza maswali yake yote, moja baada ya jingine, kuhusu unga, kuhusu mafuta, kuhusu mikono ya kijana, na mama yule akayajibu yote bila kuharakishwa na foleni iliyokuwa ikianza kujipanga. Kisha dada akaketi kwenye kreti lililogeuzwa, mkoba wenye sindano akiwa ameuweka mapajani, akalipasua andazi la kwanza katikati, akanipa nusu. Mbali, kwenye jukwaa kubwa, walikuwa ndio kwanza wanajaribu vipaza sauti.